Mafiga ya Mama Ndani ya Ghala

Jirani yetu Bernadina anasema mama yangu alivamia makumbusho kama mwizi wa ng'ombe. Anasema alimwona kwa macho yake akitoka mbio amekumbatia jiwe, kanga imechanika, vioo vinaanguka nyuma yake. "Nikamwambia, Fransiska dada yangu, kwenu mmeishiwa mawe?" Akifika hapo watu wote kisimani hucheka. Mimi nateka maji, najitwika ndoo.

Mama hakukimbia. Magoti yake hayakimbii tena. Nilikuwepo, maana mimi ndiye ninayefagia pale.

Makumbusho yenyewe ni ghala la zamani la ngano, hapa mjini Katesh. Bwana Yoakimu, mchoraji wa majengo kutoka Arusha, aliagizwa atengeneze humo mahali pa kuonyesha maisha yetu, ila asilifunge ghala: mavuno yakizidi, ngano irudi ndani. Kwa hiyo kuta za ndani ni mbao zenye magurudumu. Leo ni chumba kimoja, kesho vimekuwa viwili. Wazee wa kijiji cha Mogitu walipokuja kuangalia waliuliza, nyumba hiyo ikisikia mvua inakimbilia wapi? Bwana Yoakimu akacheka nao. Si mtu mbaya.

Alipopita akiomba vitu vya zamani, mama alimpa mafiga yetu. Mawe matatu, meusi kwa masizi. Ndiyo pekee tuliyowahi kubeba siku trekta za shamba la serikali zilipolima boma letu kule Basotu. Kwetu mafiga hayatenganishwi mwenye nyumba akiwa hai. Yakitawanyika, watu husema nyumba hiyo imekufa. Tangu Basotu tunahamahama kwenye vyumba vya kupanga, na mama aliziangalia kuta za ghala, nene, za mawe, akasema, "Hapa hakuna wa kutuhamisha."

Mwanzoni yalikaa vizuri, pamoja, na chungu juu yake. Baadaye wakapanga upya. Sakafu ya ghala ina mteremko, na mbao zikawa zinajisogeza zenyewe kuelekea mlangoni. Mafundi wakatafuta cha kuzuia magurudumu. Nikakuta figa moja limewekwa chini ya gurudumu la ubao wenye vioo, jingine mlangoni, la tatu limebaki na chungu kimeinama. Nilimwambia fundi Lukasi.

"Binti, jiwe ni jiwe," akasema. "Unataka nizuie kwa ugali?"

Jumapili mama alitoka kanisani akapitia pale, kama kawaida yake, kuyaangalia mawe yake. Alisimama kidogo. Kisha akainama, akalivuta lile la chini ya ubao. Ubao ukaondoka taratibu, ukagonga nguzo, vioo vikamwagika. Yeye hata hakugeuka. Alilipeleka jiwe kwenye chungu, akarudi kufuata la mlangoni, na hapo mlinzi akamshika mkono akamtoa nje.

Tangu siku hiyo amekatazwa kuingia. Mbao zimepangwa tena, na mawe yamerudi chini ya magurudumu. Nyumbani mama hawashi moto. Nikiwasha mimi, kwenye mawe ya kuazima kwa Bernadina, anageukia ukutani.

"Zima, mwanangu. Huo moto ni wa nani?"

Uji hanywi. Anakunywa maziwa baridi, kidogo, halafu anafunika kikombe.

Leo asubuhi nilimkuta Bwana Yoakimu mezani kwake. Ana ghala dogo la boksi, kuta zake ni karatasi ngumu, na vitu vyote humo ni maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uone. Nikigeuza hivi, tunapata ukumbi mpana. Unaonaje?"

Niliona maharage matatu meusi, kila moja na mahali pake.

"Mzee, mama hali. Tunaomba yale mawe yetu yakae pamoja. Kona yoyote, hata nyuma ya mlango. Au tuyarudishe nyumbani."

Alishika ukuta mmoja wa karatasi, akausogeza, akautazama, akaurudisha. Nje trekta ilipita, maharage yakatetemeka kidogo. Nilikuwa bado nimeshika ufagio.

"Pamoja tu, mzee," nikasema.