Ndege ya Asubuhi Kutoka Pemba

Njoki ndiye aliyepanga safari yote, na nani angethubutu kumkataza? Kwao Umoja, mtu akioa au akizikwa, mpangaji ni Njoki. Lakini safari hii ya kaka yake mdogo ilimtoa jasho. Thuo alikuwa Unguja na Wazungu wanaopiga filamu za baharini, akizama nao usiku kuwamulikia kwa kurunzi. Ijumaa walikuwa wavuke hadi Pemba kuwapiga picha taa, wale samaki wapana kama mkeka uliotandazwa, wanaopiga mabawa gizani. Na Jumamosi mchana Thuo alitakiwa Nairobi, kwa kina mchumba wake Wangu, kwenye ruracio yake mwenyewe, sherehe ya kupeleka mahari.

Alishakosa mara mbili. Mara ya kwanza malaria, mara ya pili mvua imekata barabara. Mzee Gichuru, babake Wangu, akasema wazi: akikosa tena, mbuzi wake watarudishwa na binti ataolewa kwingine.

Basi Njoki akapanga: azamie usiku, asubuhi apande ndege ndogo kutoka Pemba hadi Unguja, hapo aunganishe ya Nairobi. Alimweleza kwa simu ya dukani kwa Kaha, kule Eastleigh.

"Haiwezekani, dada," Thuo akasema. "Ukitoka kilindini hupandi ndege siku hiyo. Damu hufanya mapovu, mtu akapooza. Lazima nikae nchi kavu kwanza, siku nzima."

"Mapovu! Juzi malaria, leo mapovu! Wee Thuo, msichana wa watu analia kila siku, na wewe unaniletea hadithi za soda? Panda hiyo ndege, ama usiniite dada tena!"

"Sawa. Nitapanda."

Jumamosi Njoki aliamka na kitu kimemkaa rohoni. Thuo alikuwa mwongo, ndiyo, lakini akidanganya hucheka mwenyewe. Safari hii hakucheka. Akavaa haraka, akakimbia kwa Kaha, akamsihi amtafutie Pemba. Simu ilikawia hadi machozi yakamlenga.

"Ameshaondoka, mama," mwenye nyumba ya wageni alikolala Thuo akamjibu. "Tulimkataza sana. Akasema dada yake ameshaamua."

Njoki alifika kwa kina Wangu mbio. Wazee walishaketi. Mlango ukafunguliwa, Thuo akaingia na shati jeupe, uso umemparara. Vigelegele! Hata Mzee Gichuru akacheka. "Leo umekuja, bwana!" Njoki naye akapumua. Alaa, kumbe alijisumbua bure.

Wangu akaleta kibuyu cha uji, kama desturi, akakikabidhi kwa mikono miwili. Thuo akanyoosha mikono. Vidole havikufunga. Kibuyu kikaanguka, uji ukamwagikia gauni la Wangu.

"Ameona bibi akatetemeka!" mtu akapiga kelele, nyumba nzima ikaangua kicheko.

Njoki hakucheka. Alimrukia, akamfinya mkono kwa kucha zote.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu. Hata mguu umeanza kufa ganzi."

"Gari!" Njoki akapasua sauti. "Mungu wangu, leteni gari! Nimemuua mtoto wa mama!"

Kicheko kikakatika. Thuo alimwegemea begani, mzito, akijaribu kutabasamu mbele ya wakwe.

"Usigombe, dada," akamnong'oneza. "Si nimefika?"