Qatar ya Kware

"Futa hiyo kitu, Opiyo, nimesema—"

"Nikifuta itaandikwa hapo imefutwa, na hapo ndio wataanza kuuliza—"

"Futa kabla baba—"

"Kabla baba nini, na tiki zishageuka buluu? Wewe macho ni ya nini?"

Opiyo aliinua simu juu, Amondi akamrukia mkono, na wote wawili wakateleza kidogo kwenye rundo la mchanga. Simu ilikuwa ya Amondi. Picha ilikuwa kazi ya Opiyo. Na shida, kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake.

Mchanga wenyewe ulikuwa wa mjengo uliokwama huko Kware, mtaa wa Nairobi, umezungushiwa mabati, umeachwa hapo mpaka paka wakaugeuza choo. Lakini mtu akijua kushika simu, huo ni jangwa. Opiyo alikuwa amefuta lenzi kwa kona ya shati, akachuchumaa mpaka magoti yakalia, ili zile gorofa zote zikatike na ibaki mbingu na mchanga. Amondi alikuwa kwa buibui la kuazima kutoka kwa mama Yonis, jirani wa mlango wa pili, na miwani nyeusi kubwa. Halafu Opiyo, fundi wa kujipa kazi, akasema: shika kiuno kidogo, uonekane umezoea huko.

Amondi akashika kiuno. Simu ikafunika kila kitu cha nyuma kwa ukungu, vizuri kabisa, isipokuwa ile nafasi kati ya mkono na mbavu. Hapo simu ilisahau. Na hapo ndani, safi kama picha ya kitambulisho, alikaa mgombea wa MCA, diwani wa wadi yao, ngumi juu, anatabasamu kutoka kwa bango lililobandikwa kwenye mabati.

Wakaituma bila kuangalia. Ikaingia kwa grupu ya familia: baba, mama, shangazi, na binamu Jacky, ambaye kazi yake duniani ni kuvuta picha za watu ziwe kubwa akitafuta makosa.

"Ni wewe uliniambia shika kiuno," Amondi alisema, sauti imeshuka.

"Nilisema kidogo. Wewe ukafungua mlango."

Siku nyingine Amondi angecheka. Leo alikaa tu chini, buibui likajaa mchanga.

Opiyo alimwangalia. Yote ilianza kama mzaha wake. Kanisa la nyumbani, kijijini, lilikuwa limechanga nauli ya Amondi kwenda kazi Qatar, baba yake Amondi, Mzee Owiti, akiwa mbele kabisa kama mzee wa kanisa, akiwekea mtoto mikono huku machozi yanamtoka. Agenti akala ile pesa, visa ikawa feki, na Amondi akarudishwa kutoka uwanja wa ndege hata kabla hajaona ndege. Alimpigia Opiyo, mtoto wa baba yake mkubwa, akilia. Hakuwa na uso wa kurudi nyumbani. Opiyo akamwambia, "Tulia, nitakupeleka Qatar mwenyewe."

Tangu hapo, kila Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko huko, picha moja. Vioo vya benki. Mitende ya petrol station. WhatsApp haiulizi mtu yuko nchi gani. Siku zingine Amondi alifulia watu nguo akingoja apate kazi ya maana ndiyo aseme ukweli. Na kila Jumapili Mzee Owiti alizungusha simu yake kanisani, kiti kwa kiti.

"Jumapili ataizungusha hii," Amondi alisema. "Jacky ataivuta. Baba atasimama mbele ya watu aliowaomba pesa, aambiwe msichana wake yuko Nairobi anafua. Hatakaa tena kwa kile kiti cha mzee wa kanisa, Opiyo. Baba namjua."

Simu ikalia. Mama. Tena ni ile ya kuonana uso.

"Usishike," Opiyo alisema.

"Nisiposhika atajua."

"Ukishika ataona."

Nje ya mabati kulipita mtu na spika: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Opiyo akaifunika simu kwa kwapa kama mtu aliyeiba kuku. Ikalia mpaka ikachoka. Ikaanza tena. Ikachoka. Wakangoja ya tatu wakiwa hawapumui, na ya tatu ililia mfukoni mwa Opiyo.

"Ni mama yako," alinong'ona. "Ananipigia mimi."

Amondi alitikisa kichwa. Opiyo akashika, akaweka spika.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Opiyo. Mpatie Amondi simu."

"Amondi ako Qatar, mama mdogo."

"Najua. Mpatie simu."

Amondi alikuwa ameziba mdomo kwa buibui.

"Nyathina, mwanangu," mama aliita, taratibu, vile alivyomwita akiwa na homa utotoni, "mwezi wa saba uliniambia unasikia baridi mpaka mifupa. Qatar gani iko na baridi mwezi wa saba? Nilinyamaza tu, nikasema mtoto ako hai."

"Mama, nisamehe. Baba—"

"Baba yako amenipigia sasa hivi. Anauliza huyo mwanaume kwa mbavu zako ni nani."

Opiyo alifunga macho.

"Nimemwambia ni mtu wa ubalozi. Amefurahi. Amemtumia pasta hiyo picha."

Amondi alianza kulia bila sauti, na Opiyo akajikuta amekaa chini kando yake. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na honi, na kondakta akiita watu wa Umoja, mtaa wa hapo karibu. Opiyo alisikia, akageuka, akaangalia simu kama imemuuma.

"Mama mdogo, kwani uko wapi?"

"Kule nyumbani wanawake wa kanisa walikuwa wananiuliza kila siku, mtoto gani huyo hawezi kuita mama yake hata kutembea huko. Nikachoka. Nikawaambia wao na baba yako kwamba ameniita. Jana wameniombea, wamenisindikiza na nyimbo mpaka kwa basi." Akavuta pumzi. "Niko hapa Nairobi, barabara ya Outer Ring, nimevaa ile nguo niliyovaa harusi ya dada yako. Kujeni na hiyo simu, na Opiyo, utafute mahali penye ngazi ndefu. Kanisa wanangoja picha yangu nikishuka ndege."