Jani la Mwisho la Sale

Mimi sipendi kufundishwa. Nilizaliwa hivyo, nikaolewa hivyo, na mume wangu Aminieli alilijua hilo kabla wiki ya kwanza haijaisha. Kwa hiyo nikikiri hapa kwamba niliwahi kushindwa na debe la mafuta ya taa, jueni nimejikaza sana.

Ulikuwa mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovikwa taji. Aminieli alikuwa fundi wa malori kwenye gereji moja pale Sakina, barabara ya Nairobi, nasi tulipanga chumba katika nyumba ya milango sita na ua mmoja. Nilitoka kwetu Akheri na vitu vitatu: Biblia, sufuria na mche wa sale. Huko mlimani, kwetu Wameru na kwa Wachaga vilevile, sale ndilo mpaka wa shamba na ndilo msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake refu, umelifunga fundo, naye hawezi kukukatalia. Mama aliung'oa mche ule mpakani mwa migomba yake akanikabidhi.

"Nyumba isiyo na sale, Tabea, ni ya watu wasiojua kuomba radhi," alisema. "Kahawa ikishavunwa nitakuja kuliona."

Ua wa Sakina ulikuwa umeshindiliwa na matairi mpaka jembe linaruka. Basi nikatafuta debe tupu la mafuta ya taa. Na udongo je? Niufuate wapi kama si kwetu? Nilipanda lori la rafiki yake Aminieli, nikarudi na nusu gunia la udongo wa migombani Akheri, mweusi, laini, ukiushika unatamani kuutia chumvi uule. Nikauchanganya na samadi mbichi ya ng'ombe, maana ndivyo mama anavyoimwaga kwenye migomba kila asubuhi. Nikapanda, nikashindilia kwa kisigino, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Nilijiona mkulima hodari.

Mlango wa pili aliishi Hedwiga, Mchaga wa Kibosho, mke wa karani mmoja aitwaye Ndesanjo. Tulimwita Mama Aristides kwa jina la mwanawe. Ndiye aliyenipa moto wa kuwashia jiko siku nilipofika, na ndizi siku ya pili. Barazani kwake kulikuwa na mikebe kumi na saba ya maua, na hata mmoja haukuwa na jani la njano. Niliihesabu kwa husuda.

Asubuhi moja alikuwa amechutama juu ya gunia anachanganya udongo, akalitupia jicho debe langu.

"Bi harusi, hilo debe umelitoboa?"

"Nilitoboe ili maji yamwagike?"

"Ndiyo, yamwagike. Na samadi yako bado ina moto, itaunguza mizizi. Njoo uone ninavyochanganya."

Aliyasema kwa upole, sasa najua. Lakini wanawake wa ua mzima walikuwa wanasikiliza, na mimi, binti wa Akheri, nilikuwa nafundishwa udongo. Hasira zikanipanda.

"Sisi Wameru hatupiki udongo kama kiburu chenu cha ndizi na maharage," nikamjibu. "Tuna mashamba. Anayelima kwenye mikebe ni yule asiye na shamba."

Wanawake wakacheka. Hedwiga hakucheka. Alinawa mikono, akaingia ndani, na gunia lake likabaki pale uani.

Jioni Aminieli ndiye aliyenieleza. Baba yake Ndesanjo alipofariki, ndugu walichukua kihamba chote, lile shamba la ukoo, na Hedwiga akaja mjini hana hata mgomba mmoja wa kuuita wake. Nilisikia aibu mpaka chakula kikanishinda. Lakini kwenda kuomba radhi? Ulimi uliokuwa mwepesi asubuhi ulikuwa mzito jioni.

Wiki zikapita. Hedwiga alijibu salamu zangu, basi. Na sale likaanza kuwa njano, jani baada ya jani, kutoka chini kwenda juu. Nikaongeza maji. Nikaongeza samadi. Mnacheka? Chekeni tu. Hatimaye likabaki jani moja la kijani, la juu kabisa, na siku hiyohiyo mtu wa Akheri akaleta salamu: mama atakuja baada ya wiki tano.

Nilikaa mbele ya lile debe nikalia. Jani lile lingeweza kumngoja mama, nikamwonyesha kwamba sale lake bado li hai. Au lingeweza kufanya kazi ambayo mama alinipa sale kwa ajili yake: kuomba radhi. Nikalikata kabla sijabadili mawazo, nikalifunga fundo, nikabisha hodi mlango wa pili.

Hedwiga alilipokea kwa mikono miwili, maana jani la sale halikataliwi.

"Nilisema neno baya, Mama Aristides. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Kisha akalitazama lile jani. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye debe langu."

"Yamebaki mangapi?"

"Halijabaki hata moja."

"Na mama yako anakuja!" Akaruka kutoka kwenye kigoda. "Lilete hapa, mwanamke wewe!"

Alilipindua debe uani, na harufu iliyotoka ilifukuza kuku. Mizizi ilikuwa imeoza. Hedwiga akakata shina juu ya pale palipooza, akaliweka kivulini siku mbili likauke kidonda. Aminieli akatoboa debe kwa msumari.

"Udongo wako ni mzuri," Hedwiga aliniambia, "sijaona mzuri kama huu. Lakini shambani una minyoo, na maji yana pa kwenda. Ndani ya debe umeufunga jela. Lazima uuwekee madirisha."

Madirisha yenyewe yalikuwa kokoto nyeusi za mtoni, zile nyepesi zenye vitundu, na maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza. Samadi ilikuwa ya mwaka jana, kavu, haina harufu. Alinifundisha kufinyanga konzi moja ya udongo iwe donge na kuligusa kwa kidole: likibaki zima, udongo bado ni mzito, likimeguka, panda. Wala usishindilie. Nilifundishwa, nikanyamaza.

Mama alifika ametembea tangu sokoni, kikapu cha udongo wa Akheri kichwani. Akaliona debe: kijiti kitupu chenye vichipukizi viwili vidogo kama punje za mahindi.

"Majani yako wapi?"

Nikamweleza yote, hata lile neno la shamba. Hedwiga akatoka barazani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Hedwiga?"

"Ndimi."

Nilikuwa nimeshanyoosha mikono kupokea kikapu. Mama akanipita.

"Udongo huu nilimletea Tabea," akasema, "lakini yeye ana debe tu. Chukua wewe mwenye shamba."

Hedwiga alikikumbatia kile kikapu, machozi yakamtoka huku anacheka. Kisha akachota konzi moja, akaifinyanga, akaigusa kwa kidole.

"Mzuri sana, mama. Ila unahitaji kokoto."

Tabia yangu ya kutopenda kufundishwa niliirithi kwa mama. Mama alimtazama Hedwiga, akaitazama ile mikebe kumi na saba, akakunja kanga yake na kuchutama.

"Haya," akasema, "nionyeshe."