Kahawa ya Nyuma ya Kompyuta

"Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wanatangaziwa kwamba kituo hiki cha afya kimeingia rasmi katika zama za kompyuta ya kisasa."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni, huko Muleba. Liliandikwa kwa kalamu, maana printa ilikufa tangu Pasaka.

Verdiana, karani wa mapokezi, alilisoma akasaga meno. Ya kisasa! Ilikuwa ileile kuukuu aliyoihangaikia miaka tisa, sasa imepakwa rangi nyeupe na mkuu wa kituo, Mzee Kaijage. Ndani yake kadi moja ililegea, na Verdiana aliibana kwa kifurushi cha amwani, zile kahawa kavu za kutafuna, alichokichomeka kwa nyuma. Kikichomoka, mashine inazima, na kuiwasha tena ni kazi ya asubuhi nzima, huku akina mama waliotembea kutoka Izigo na watoto wenye homa wakisubiri mafaili. Kila mwaka aliomba mpya. Kila mwaka Kaijage aliandika: "Iliyopo inatosha."

Leo mkaguzi, Bi Klaudia, alikuja kutoka Bukoba kuikagua kompyuta hiyo. Akisaini kwamba ni nzima, hakuna nyingine kwa miaka mitano.

"Inang'aa kweli," Klaudia alisema, kalamu mkononi.

"Hapa hatulali, mama," Kaijage alijivuna. Mara akashtuka: mgeni hajapewa kahawa! Akamnong'oneza Verdiana, "Wewe! Amwani ziko wapi? Unataka niaibike?"

Damu ilimchemka Verdiana. "Zipo, taata," alimjibu, kama Wahaya wamwitavyo baba. "Hapo nyuma ya kompyuta."

Kaijage alipenyeza mkono, akachomoa kifurushi, akapuliza vumbi, akampa mgeni kwa mikono miwili. Kioo kikawa cheusi tii.

Klaudia alitafuna mara moja, akasita. "Hizi ni za mwaka gani?"

"Umeme, mama! Umeme wetu huu!" Kaijage alipayuka. Taa juu ya kichwa chake ilikuwa inawaka.

"Nipe karatasi," Klaudia alimwambia Verdiana.

Verdiana alifungua mkoba atoe daftari. Kifurushi kingine kikadondoka mezani: amwani mpya, zinanukia, alizomnunulia mgeni jana.

Wote wawili walimtazama.

"Kumbe ulikuwa nazo," Kaijage alisema polepole.

"Nilikuwa nazo. Nilijua utachomoa zile, na nilijua itazima. Nimefanya makusudi, taata." Akamgeukia Klaudia. "Mama, andika jina langu kwa kosa hilo. Ila kwanza geuka, uhesabu watoto wenye homa wanaosubiri mafaili kwenye benchi."