Usingizi wa Mauwa

Jumatano ile Somoe aliijaza wodi watu mpaka wengine wakakaa chini sakafuni. Mauwa, shoga yake wa ukuta kwa ukuta pale Temeke, alikuwa kalazwa kwa presha, na Somoe alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Mgonjwa asiyetembelewa ni aibu ya mtaa mzima, na Somoe hakuwa mtu wa kuutia mtaa wake aibu. Basi wakaja na uji, wakaja na machungwa, wakaja na habari za nani kaachwa na nani karudiwa. Mauwa alikuwa kameza dawa ya usingizi, lakini alikaa kitako tangu adhuhuri mpaka alasiri, macho mekundu, shingo inamlegea, akiitikia salamu moja baada ya nyingine. Mtu utalalaje na wageni wamekaa?

Somoe alirudi nyumbani kafurahi, sauti imemkauka.

Alhamisi asubuhi dresa Didas, msaidizi wa daktari, yule Mhaya mrefu anayekunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko, akamwita barazani.

"Ule umati wa jana ni wewe uliyeuleta?"

"Ni mie," Somoe akajibu, akidhani anashukuriwa.

"Basi umemponza mwenzio."

Somoe akacheka. Didas hakucheka.

"Sikiliza, mama. Daktari huyu mgeni anajua kupasua mgongo akakata mishipa ya fahamu inayoibana ile ya damu. Lakini si kila mtu inamfaa. Wengine mishipa yao ya damu imeshakakamaa, ukiwapasua umewaumiza bure. Wengine bado ni laini. Utawajuaje? Unampa dawa, unamlaza, unampima kila saa. Akilala, presha ya juu ikashuka chini ya mia moja na sabini, huyo anapasuliwa. Isiposhuka, anarudishwa kwake."

"Na ya Mauwa?"

"Mchana, mia mbili na thelathini. Alasiri, mia mbili ishirini na nane."

Somoe akashika nguzo. Kurudishwa kwake alikujua maana yake. Mama yake Mauwa kule Lindi alirudishwa kwake hivyo hivyo, na kabla mwezi haujaandama mdomo ulikwenda upande, ulimi ukawa mzito, wakamzika. Na Mauwa mwenyewe tangu mfungo uliopita haoni vizuri jicho la kushoto.

"Nimemwambia daktari kwamba jana hakulala," Didas akasema. "Kakubali apimwe leo tena, mara moja tu. Jumamosi anapanda meli kurudi kwao. Nimemhamishia mgonjwa chumba cha pembeni. Saa sita mpaka saa kumi, asiingie mtu."

"Hata ndugu?"

"Hata ndugu. Wewe kaa mlangoni, uwazuie. Na mdomo wako uufunge."

"Mie?" Somoe akasema. Kisha akaufunga.

Saa sita Mauwa akameza dawa. Mia mbili thelathini na mbili. Saa saba, mia mbili na kumi na nne. Saa nane, mia moja tisini na sita. Didas alikuwa akitoka anamwonyesha Somoe namba kwenye karatasi bila kusema kitu, na Somoe, ambaye hakwenda shule, alikwishazitambua kwa sura. Majirani watatu kawarudisha kwa kuwapungia mkono tu. Wameondoka wamenuna, na mmoja kasonya waziwazi.

Kisha akatokea kaka Jabiri, kaka mkubwa wa Mauwa, vumbi mpaka magotini. Katoka Chamazi alfajiri kwa miguu, kuku kambeba kwapani.

"Shikamoo kaka," Somoe akanong'ona.

"Marahaba. Yumo humu?"

"Kalala, kaka."

"Vizuri. Nitakaa nimtazame."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani nini? We Somoe, mie ndiye niliyemwoza yule! Leo nizuiwe mlangoni na jirani?"

"Punguza sauti, kaka, nakuomba."

"Sipunguzi! Mnamficha nini? Kafa?"

Kuku naye akapiga kelele. Somoe akaruka, akamshika mdomo kuku wa watu. Ndani kitanda kikalia. Wakabaki hivyo, yeye na kaka mtu na kuku katikati, wanatazamana.

"Unanifukuza?" Jabiri akauliza, sasa polepole.

Angeweza kusema "subiri kidogo". Lakini alimjua: akisubiri, atasema, akisema, dada yake ataamka, atatandika khanga amkaribishe.

"Nakufukuza, kaka."

Neno hilo hakuwahi kumwambia hata mpita njia. Jabiri akamvuta kuku wake.

"Mguu wangu hautakanyaga kwenu tena. Wala kwake."

Saa tisa Didas akatoka na karatasi. Mia moja tisini na nane. Imepanda.

Saa nzima Somoe alisimama, pindo la khanga kalitia kinywani. Saa kumi ilipokaribia, daktari akaja, saa mkononi, akapita bila kumtazama. Somoe akaingia nyuma yake. Mauwa alikuwa kafumbua macho.

"Shoga," akasema, ulimi mzito wa dawa, "nimesikia sauti ya kaka Jabiri. Kaja?"

Didas, mkanda wa kupimia mkononi, akamkazia Somoe macho. Akisema ndiyo, Mauwa atainuka. Akisema hapana, ataona uongo usoni, maana wamejuana miaka kumi na miwili. Mauwa alikwisha kuegemea kiwiko.

"Lala," Somoe akasema, akaketi chini kando ya kitanda. "Nikupe ile hadithi ya mke wa Romani na sufuria la pilau."

"Nimeisikia mara mia."

"Basi hii ya mia na moja. Na usiniitikie. Mie si mgeni, shoga. Mbele yangu lala."

Akaanza, kwa sauti ya chini kuliko aliyowahi kuitumia maishani, sufuria lilivyoazimwa, lilivyorudi bila mfuniko. Mauwa akatabasamu, kichwa kikarudi kwenye mto. Kabla mfuniko haujapatikana, alikuwa anakoroma.

Didas akafunga mkanda, akaujaza hewa, akasikiliza. Akaujaza tena, kuhakikisha. Somoe akaendelea kusimulia, hajui tena anasema nini.

Didas akaandika. Moja, sita, sita.

Daktari akaitazama karatasi, akamtazama mgonjwa, akasema maneno mawili matatu.

"Kesho asubuhi," Didas akafasiri.

Somoe akanyanyuka, akatoka hadi barazani ndipo akalia. Kisha akajifuta, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akashika njia ya kusini iendayo Chamazi, karibu mbio. Kaka Jabiri ana kuku mkononi na hasira kifuani. Pengine hajavuka pale Mtoni.