Sauti ya Mtoto Katika Wimbo wa Mwisho

Wahakiki waliiponda albamu mpya ya Chuma cha Pua mwezi mzima kabla haijafika madukani, tena waliiponda kwa raha, kama watu waliokuwa wakiisubiri siku hiyo. Bendi ya roki iliyojaza viwanja kwa miaka ishirini, leo inaambiwa imeshika kutu! Hilo kila mtu alikuwa amelisikia, redioni na kwenye foleni ya benki. Lakini katika karakana ya Fundi Spika hakuna aliyeruhusiwa kujua zaidi ya hapo. Wapenzi wa bendi waliokutana pale walikuwa na sheria yao, na walikuwa wameishika kwa miaka kumi na minane: kwanza tunasikiliza pamoja, halafu kila mmoja anatoa ya moyoni, na magazeti yanafunguliwa mwisho.

Magazeti yalikuwa kazi ya Kinyozi. Mkewe ndiye aliyekata kila kilichoandikwa na kukitia ndani ya bahasha, maana Kinyozi mwenyewe hakujiamini kushika mkasi na kufumba macho kwa wakati mmoja. Bahasha ilifika karakana ikiwa imegundishwa, na ikafunguliwa mbele ya wote.

Fundi Spika alikuwa ameivunja sheria hiyo siku nne zilizopita, chooni, mlango ukiwa umekomewa.

Msimhukumu haraka. Huyu ni mtu aliyetengeneza spika kwa miaka thelathini. Enzi zake aliweza kutega sikio kwenye spika iliyochoka akakuambia waya upi umelegea kabla hajashika bisibisi. Na hiyo miaka thelathini ya kutega sikio ndiyo iliyomponza. Sauti nyembamba zilianza kumkimbia moja moja: kwanza kengele za baiskeli, kisha mluzi wa birika jikoni, kisha wajukuu kwenye simu. Mkewe aliposema jambo akiwa amempa mgongo, Fundi alimgombeza kwamba siku hizi anamung'unya maneno. Daktari wa masikio hakuzunguka. Mishipa imechakaa, alimwambia, haitarudi, na hata hizi sauti nzito unazozisikia zitaondoka, mwaka mmoja au miwili ukibahatika.

Fundi aliikunja karatasi ya daktari akaificha chini ya sanduku la vifaa, wala hakumwambia mtu. Fundi wa spika asiyesikia ni nini? Nani atamletea kazi? Na zaidi ya kazi kulikuwa na kile kikao. Kati ya wale watu watano, yeye ndiye aliyesema mwisho, na neno lake ndilo lililoandikwa daftarini kama hukumu ya albamu. Wakijua hasikii, atabaki kuwa mtu wa kuwawekea viti tu.

Ndiyo maana alinunua magazeti matatu ya mwezi uliopita na kujifungia nayo. Alitaka kujua cha kusikia. Na gazeti moja likampa alichokuwa akikitafuta: mwishoni mwa wimbo wa mwisho, lilisema, mtoto wa mwimbaji anaimba peke yake kwa dakika mbili nzima, deko tupu, aibu kwa bendi ya watu wazima. Fundi alishusha pumzi. Sauti ya mtoto ndiyo hasa ambayo asingeisikia hata wangeipiga puani pake. Sasa alijua ipo.

Jumamosi alasiri walikusanyika, wakavuta viti kati ya maganda ya spika na mabunda ya waya. Alikuwepo Mwalimu, mama wa hesabu ambaye hata mshumaa wa keki asingeuwasha bila kupima urefu wake. Alikuwepo Kinyozi na bahasha yake. Alikuwepo karani mmoja wa mahakama ambaye hajawahi kumhukumu hata kuku, ila watu wote walimwita Jaji. Na alikuwepo mdogo wake Fundi, mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mpole, aliyefanya kazi naye pale karakana na kuongea kwa nadra. Yeye ndiye aliyetia diski.

Fundi aliweka viganja vyote viwili juu ya meza ya kazi. Ngoma zilimfikia kupitia mbao, na besi ilimpanda mikononi mpaka kwenye viwiko. Sauti ya mwimbaji ilikuja kama ya jirani anayeongea nyuma ya ukuta. Magitaa hakuyapata kabisa. Nyimbo tisa zilipita hivyo, na kila moja ilimwacha na hofu zaidi kuliko iliyotangulia. Wimbo wa tisa, ule wa mwisho, ulipokwisha na meza ikanyamaza chini ya viganja vyake, alifumba macho na kuanza kutikisa kichwa polepole, kwa utulivu, kama mtu aliyeguswa, huku akihesabu kimoyomoyo mpaka mia na ishirini. Kisha akafumbua macho.

Wote walikuwa wakimtazama. Hakuna aliyekuwa amejongea. Aliona heshima nyusoni mwao na akaridhika.

"Nianze mimi, maana nina hasira," Jaji alisema. "Jamani, wahakiki wana haki. Niliombea wawe waongo, lakini wana haki. Gitaa limelala usingizi wa pono. Wimbo wa tatu na wa tano ni wimbo mmoja, umebadilishwa shati tu."

"Wewe nawe!" Kinyozi aliruka. "Hao wahakiki wanajua nini? Tiketi wanapewa bure, soda wanapewa bure, halafu wanatukana bure. Mimi nilisimama uwanjani kwa saa saba, mvua inaninyeshea, kuwaona hawa watu."

"Mvua haijibu hoja, Kinyozi," Mwalimu alisema. "Na mtu kupewa tiketi bure hakumfanyi kiziwi."

Neno hilo Fundi alilisoma midomoni mwake, akajikaza asigeuze macho.

"Mimi naona hivi," Mwalimu aliendelea. "Wamezeeka, na sisi tumezeeka. Wangepiga zile kelele zao za zamani mngesema wanajilazimisha. Wamepiga taratibu, mnasema wamelala. Wafanye nini sasa?"

"Uzee siukatai," Jaji alisema. "Nakataa uvivu. Hawa watu walinifundisha kwamba kitu kikifanywa kifanywe kwa moyo wote. Leo wamenitupia makombo, halafu nishukuru?" Akavua miwani, akajifanya anaisafisha.

Mdogo wake Fundi alipoulizwa alisema yeye hana la kusema leo. Ikabaki zamu ya kufunga. Mwalimu alifungua daftari akaitega kalamu.

Fundi alikohoa. "Mmesema mengi, na mengine ni ya kweli," alisema. "Lakini mmeruka lililo kubwa. Mmemruka mtoto. Yule anayeimba peke yake pale mwisho, dakika mbili nzima, bila ngoma wala gitaa. Wengine wataita deko. Mimi nasema ndiye roho ya albamu yote. Baba amechoka, anampisha mwanawe. Asiyemsikia yule mtoto hajaisikia albamu hii."

Kalamu ya Mwalimu haikugusa karatasi.

"Mtoto gani?" Jaji aliuliza.

"Yupo," mdogo wake Fundi alidakia haraka. "Mimi nimemsikia. Sauti yake iko chini sana, ndiyo maana."

Hapo ndipo Fundi alipoingiwa na baridi, kwa sababu mdogo wake hakuwa mtu wa kudakia.

"Turudie," alisema Jaji.

Walirudia wimbo wa tisa. Fundi hakusikiliza, alitazama nyuso. Meza iliponyamaza chini ya viganja vyake aliona Kinyozi akikunja uso na kuinamia spika, aliona Mwalimu akitazama saa yake, na alimwona Jaji akinyoosha mkono na kuizima mashine iliyokuwa imeshajizima yenyewe. Mdogo wake alikuwa akitazama sakafu.

Kinyozi alichana bahasha bila kuulizwa. Alisoma kipande cha kwanza, cha mwezi uliopita: mtoto, dakika mbili, deko tupu. Akasoma cha pili, cha juzi: kutokana na kelele za wahakiki waliopewa nakala za mapema, bendi imeiondoa sauti ya mtoto kabla ya kuingiza albamu madukani.

Fundi hakuwa amekiona hicho cha pili.

"Umesoma," Jaji alisema taratibu. Kisha akasimama. "Umesoma! Miaka kumi na minane! Mimi nimeziba masikio kwenye basi, nimegombana na shemeji yangu mezani kwa sababu alitaka kunisimulia, kumbe wewe umeshasoma! Ukakaa hapo unatikisa kichwa kutuchezea! Ulitaka nini? Uonekane una masikio kutuzidi?"

Fundi alipima haraka. Tapeli ni jina baya, lakini aliona anaweza kulibeba mpaka nyumbani. Lile jingine asingeliweza.

"Nimesoma," alisema. "Nimekosa. Nifukuzeni, nimestahili."

"Kaka, waambie," mdogo wake alisema.

"Sina la kuwaambia."

Akawageuzia mgongo, akaanza kupanga bisibisi kwenye meza, ndogo kwa kubwa, ilhali zilikuwa zimepangwa tangu asubuhi. Alisubiri asikie viti vikiburutwa na mlango ukibamizwa. Mlango aliamini angeusikia. Alipanga mpaka bisibisi zikaisha, na mlango haukubamizwa, basi akageuka.

Mwalimu alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, karibu kiasi cha kuushika ukosi wake. Ndiyo kwanza alikuwa akifunga mdomo. Wengine wote walikuwa wamesimama wakimwangalia yeye, si Mwalimu.

"Nimekuita mara tatu," Mwalimu alisema, sasa uso kwa uso, na machozi yakamtoka. "Sikunong'ona, Fundi. Nimekuita kama ninavyoita darasani. Tangu lini?"

Fundi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Mwaka wa pili huu."

Kinyozi akauliza, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Na kazi za wateja? Mbona hakuna anayelalamika? Si wewe unayejisifu kila siku kwamba kazi yako hairudishwi?"

Fundi alifungua mdomo kujibu, kisha akamtazama mdogo wake.

"Nazifungua tena kabla hazijatoka," mdogo wake alisema. "Sauti nyembamba unazipandisha mno, Kaka. Nazishusha. Nafanya wakati umeenda kula. Sikutaka ujue kwamba najua."

Aibu ilimpanda Fundi mpaka kichwani. Mwaka mzima alikuwa akimhubiria huyu mdogo wake juu ya kazi safi! Kisha aibu ikashuka, akabaki amechoka tu, uchovu wa mtu aliyekuwa akisukuma mlango ambao upande wa pili kuna mtu anausukuma naye. Alimshika mdogo wake mkono, akauachia.

"Jaji," alisema. "Hawa huchukua miaka mitatu kutoa albamu. Daktari hakunipa mitatu. Hii ndiyo ya mwisho kwangu, na nilichokipata ni ngoma na ukuta. Sijui kama ni nzuri au mbaya. Nimewahukumia albamu zote hizo, hii siijui. Niambie. Wahakiki wamesema kweli?"

Jaji alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitikisa kichwa kidogo sana, akimsihi.

"Usimtazame Mwalimu," Fundi alisema. "Nitazame mimi."

Jaji akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, ili midomo yake ionekane vizuri. Ile hasira ya mwanzo ilikuwa imemwisha usoni.

"Ni mbaya, Fundi," alisema. "Haina moyo. Laiti ningeweza kukuambia vinginevyo. Ni mbaya tangu wimbo wa kwanza."

Fundi alilia, wala hakuficha uso. Alilia kwa ajili ya bendi, na kwa ajili ya masikio yake, na kwa kuwa mtu mmoja katika chumba kile alikuwa bado anabishana naye kama zamani.

"Mwalimu, andika," alisema alipoweza kusema. "Neno la Jaji ndilo la kufunga leo."

Mwalimu aliandika, na kwa mara ya kwanza mstari wake ulikwenda upogo.

"Basi hii mbaya ndiyo niliyobakiwa nayo," Fundi alisema. "Irudisheni mwanzo. Na besi muipandishe."

Mdogo wake aliipandisha mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na Kinyozi akaziba masikio. Fundi akarudisha viganja mezani. Jaji hakuondoka pale magotini pake. Alisubiri, kidole kikiwa hewani, kisha akakishusha.

"Gitaa limeingia," alisema, akitamka kila neno.

"Linafanya nini?"

"Noti tatu zile zile. Zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Hata haya halina."

Fundi akacheka kwa sauti, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Endelea," akasema.