Risasi Zilizokataa Kukomaa

Miaka minne mfululizo Arvid Haugstad alishindwa na shemeji yake katika mashindano ya kulenga shabaha ya klabu yao huko Montana, na miaka yote minne shemeji huyo hakuona sababu ya kunyamaza. Alikuwa akiitwa Clell, kaka wa Mavis, mke wa Arvid. Sharti la mashindano lilikuwa moja tu: kila mtu apige kwa risasi alizozitengeneza kwa mikono yake. Za Clell zilitoboa karatasi zikikaribiana kama vifungo vya shati. Za Arvid zilitawanyika kama kuku waliofukuzwa, na zikaacha utando wa madini ya risasi ndani ya mtutu ambao ilimchukua siku nzima kuusugua.

"Shemeji, hizo si risasi, ni siagi," Clell alimwambia mwaka wa nne. Krismasi ilipofika akamletea zawadi iliyofungwa kwa utepe: pakiti ya kalamu za nta za watoto. "Jaribu hizi. Angalau zina rangi."

Arvid alicheka na wenzake, lakini kalamu zile zilimkaa moyoni. Alikuwa ameendesha greda la kuondoa theluji miaka thelathini na moja, na hakuzoea kuitwa mtu wa vitu laini.

Mwezi wa tatu, akisubiri kwa kinyozi, alikuta gazeti kuukuu la wawindaji. Humo aliandika mtu kwamba risasi zilizotengenezwa kwa vile vipande vya madini ya risasi vya kubalansia matairi zinaweza kufanywa ngumu: unazioka saa nzima kwa joto la digrii mia nne na hamsini za Fahrenheit, kisha unazitumbukiza ghafla kwenye maji baridi. Arvid alirudi nyumbani anapiga mluzi.

"Unaoka risasi?" Mavis aliuliza. "Kwenye oveni gani?"

Arvid akatazama dirishani.

"Arvid. Kwenye oveni gani?"

"Nilikuwa nafikiria tu, mke wangu..."

"Basi acha kufikiria. Hiyo ya jikoni inaoka mkate unaokula, na risasi ni sumu. Ukiziingiza humo, mtahamia bandani pamoja, wewe na oveni."

Arvid akaenda kwenye mnada wa vitu vikuukuu wa kanisa la Kilutheri, akapata oveni ndogo ya umeme isiyo na kishikio. Jumamosi moja ya mwezi wa nne alifungua milango yote miwili ya banda ili moshi utoke, akavaa glavu na miwani, akawasha jiko. Vipande vya matairi vikayeyuka ndani ya chungu cha chuma. Alitupia kibonge cha nta cha kutenga uchafu, kikafuka na kushika moto, akakoroga, akaengua uchafu wa juu mpaka chini kukang'aa kama kioo. Risasi za kwanza zilitoka na makunyanzi, maana kalibu aliyozimiminia ilikuwa bado baridi. Akazirudisha chunguni. Zilizofuata zilikuwa safi. Kila mara aligonga kifuniko cha kalibu kwa kipande cha mti, akaifungua, na risasi ikadondoka juu ya taulo ikiwa bado ya moto.

Kufika mchana alikuwa nazo mia na ishirini. Akazisimamisha kwenye sinia la oveni kama wanakwaya, akazungusha kitufe hadi mia nne na hamsini, akaenda kunywa supu.

Aliporudi, kwaya ilikuwa imelala. Sinia zima lilikuwa bamba moja la risasi, na vichwa vitatu vinne tu vilichomoza pembeni, vimeinama.

Mavis akaja akifuta mikono kwenye aproni. Akainamia sinia.

"Umeoka pankeki," alisema.

"Naona, Mavis."

"Usiitupe lakini. Ukimrushia Clell hii, huwezi kumkosa."

Arvid alitaka kukasirika, akashindwa. Mavis alikwenda jikoni akarudi na kipimajoto chake cha zamani cha kuokea. "Chukua, sikitaki tena kwangu. Vitufe vya oveni ni kama kaka yangu, vinasema lolote. Iwashe tupu kwanza uone."

Waliiwasha tupu. Kitufe kilisema mia nne na hamsini. Kipimajoto kikasema mia tano na themanini. Walihangaika nayo hadi jioni, na walipopata mahali sahihi Mavis akapaweka alama kwa rangi yake nyekundu ya kucha.

Jumamosi iliyofuata risasi zilitoka zimesimama wima. Arvid alizimwaga kwenye ndoo ya maji ya kijito, zikapiga kelele shwaa! Hakuweza kusubiri. Alikuwa na penseli za kuchorea, laini hadi ngumu, maana wapigaji wa kule hupima ugumu hivyo: penseli inayoweza kukwangua risasi ndiyo inayosema ukweli wake. Akajaribu penseli laini. Ikakwangua. Akajaribu risasi nyingine. Nayo ikakwanguliwa vilevile.

Akakaa juu ya gogo, kisha akainuka kuwasha jiko.

"Unafanya nini?" Mavis aliuliza mlangoni.

"Naziyeyusha. Ni siagi ileile."

"Gazeti lilisemaje mwishoni?"

Arvid akakuna shingo. "Sikufika mwishoni. Zamu yangu ya kunyolewa ilifika."

Mavis alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akazichota risasi zote, akazifungia kwenye kopo la kahawa na kuliweka juu ya rafu bandani, mahali mgongo wa Arvid haukumruhusu kufika, akaendesha gari hadi kwa kinyozi. Alirudi na jibu. Risasi zikitoka majini bado ni changa. Huzidi kuwa ngumu zenyewe siku baada ya siku, na zinataka wiki mbili za kuachwa zipumzike.

"Wiki mbili!"

"Mkate nikiutoa, huwa unaukata papo hapo?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana unakubomokea ukala makombo, mzee wangu."

Siku ya kumi na tano Mavis alimteremshia kopo. Penseli laini iliteleza. Ya kati ikateleza. Ni ile ngumu kabisa iliyofanikiwa kuacha mchirizi, tena kwa shida. Arvid aliigeuzageuza ile risasi kiganjani.

Mwezi wa sita, siku ya mashindano, Arvid alipiga risasi ishirini. Alipopitisha kitambaa ndani ya mtutu kilitoka na masizi tu, bila utando. Karatasi zilipoletwa, alikuwa amemzidi Clell kwa alama mbili. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mstaafu aliyewazidi wote kwa mbali, lakini Arvid hata hakumwona.

Clell aliiangalia karatasi ya shemeji yake juu na chini. "Jua lilinipiga machoni," alisema.

"Kulikuwa na mawingu, Clell," Mavis akamjibu.

"Basi niambieni mlichofanya."

Arvid alikuwa ameitunga hotuba yake tangu Krismasi. Alifungua mdomo, akamtazama mkewe, ikampotea yote. "Sijui vizuri," alisema. "Fundi ni huyu dada yako."

"Njoo Jumamosi," Mavis alimwambia kaka yake. "Na uje na glavu zako. Za Arvid zimeshatoboka."